Anyieth ni wa Nani

"Hakuna Nyang hapa," karani Namuria alisema, akafunga kitabu. "Nimeangalia mpaka macho inauma. Hakuna."

Abuk hakujua Kiswahili kingi, lakini "hakuna" aliijua. Mtu wa kambi anaijua hiyo kabla ya kujua "karibu". Akamwangalia shemeji yake, Lueth, ambaye alikuwa ameinama mbele ya dirisha kama mtu anakunywa maji kwa mto. Dirisha la ofisi ya hospitali pale Lodwar liliwekwa chini, na Lueth alikuwa mrefu.

"Angalia tena, mama," Lueth akasema. "Nyang Mading. Mwanajeshi. Alipigwa risasi vita ya Kapoeta, wakamleta huku Kenya, akafa hapa Lodwar. Hiyo tunajua."

"Wanajeshi wenu walikufa hapa wengi. Nyang hakuna. Sasa mimi naenda lanchi."

Akavuta pazia. Askari wa geti, Ekuru, alikuwa amekaa kwa jerikeni akiwaangalia tangu asubuhi. Walipoingia alikuwa amemsalimia Lueth kwa Kiturkana, "Ejok, mzee! Huko juu mvua iko?" Lueth alicheka kidogo, kwa sababu ukitaka kitu kwa mtu unacheka. Alikuwa amecheka hiyo mvua ya huko juu tangu alipofika Kenya.

Wakaenda kukaa kwa kivuli cha ukuta. Kivuli kilikuwa chembamba, ikabidi wakunje miguu. Abuk akatoa chapati zilizokauka kwa mfuko wa mkate, akampa Lueth moja. Kuku wake wa mwisho ndio walilipa hii safari, na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini ilikuwa inaisha kesho. Wakirudi mikono mitupu, basi. Yule ofisa kutoka Juba hangewangoja.

Ofisa huyo, Yai, alikuja kambini Kakuma akatangaza kanisani baada ya misa. Kila mwanajeshi aliyekufa vitani, mtoto wake mmoja ataenda shule ya bweni Juba, asilipe kitu mpaka amalize. Lakini walete karatasi ya kuonyesha kwamba mtu alikuwa mwanajeshi, na kwamba alikufa. Anyieth, msichana wa Abuk, alimaliza darasa la nane, akapita, na akakaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu sekondari za kambi hazikuwa na nafasi. Siku hiyo ya tangazo alirudi tu nyumbani akafua yunifomu yake ya zamani, ile ambayo haimtoshi tena, akaianika.

"Nani alimleta huku?" Abuk akauliza.

"Vijana wa kikosi chake."

"Wao ndio walitaja jina lake hapo dirishani."

"Nani mwingine? Yeye alikuwa na risasi kwa tumbo."

"Na wao walikuwa wanamwita nani?"

Lueth akaacha kutafuna.

Hakuna mtu wa rika lake alimwita Nyang. Kwa Wadinka, kijana akishakuwa mwanaume anapewa dume lake la ng'ombe, na kuanzia hapo vijana wenzake wanamwita kwa rangi ya huyo ng'ombe. Dume la Nyang lilikuwa na mabaka meusi na meupe, kwa hivyo alikuwa Majok. Ng'ombe mwenyewe aliliwa na wanajeshi mwaka wa kwanza wa vita, na Nyang alikuwa mmoja wa waliokula. Lakini jina alibaki nalo.

"Mimi ni mjinga," Lueth akasema.

"Sisi wote. Kula chapati."

Namuria aliporudi alikuwa na soda mkononi na hasira imepungua. "Tena nyinyi?"

"Mama, pole. Tafuta Majok."

"Sasa amekuwa mtu mwingine?"

"Ni yeye. Hiyo ni jina ya ng'ombe yake."

Namuria akamwangalia, halafu akamwangalia Abuk, halafu akacheka. Hakikuwa kicheko cha kudharau. "Hata baba yangu wanamwita na ng'ombe yake. Mngesema mapema." Akafungua kitabu, akashusha kidole pole pole. Kikasimama. "Majok Mading. Mwanajeshi, Sudan. Jeraha ya tumbo. Alikufa tarehe tisa, mwezi wa tatu, tisini na nne."

"Soma tena," Abuk akasema, kwa Kiswahili chake.

Namuria akasoma tena. Akaandika barua, akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke. Chini akaongeza kwamba huyu Majok ndiye Nyang, kwa maneno ya ndugu yake. Abuk akaikunja akaitia kwa ule mfuko wa mkate, akaufunga ndani ya leso yake.

"Walimzika wapi?" Lueth akamuuliza Ekuru pale getini.

Ekuru hakutania tena. "Wale wa vita waliwekwa kule ng'ambo ya laga. Lakini mzee, mafuriko ilibeba misalaba. Hutajua ni wapi."

Walienda tu, wakavuka ule mto mkavu. Palikuwa na mchanga, miti ya miiba na mbuzi wawili wanakula katoni. Abuk alisimama akitafuta mahali pa kuangalia. Lueth akatoa tumbaku kidogo mfukoni, akaiweka chini ya mti mmoja, akabadilisha mawazo, akaihamisha chini ya mwingine.

"Majok," akasema, "tumepata karatasi yako."

*

Bol alikuwa na miaka minane na mdomo wa mzee. Waliporudi kambini aliruka kutoka mlangoni akauliza, "Mmeona baba? Mmeona kaburi ya baba?"

"Tumeona," Abuk akasema.

"Ni kubwa?"

"Kubwa sana."

Jioni, kama jioni zote, Lueth akakaa kwa kiti chake cha kamba mbele ya nyumba, watoto wakakaa chini kwa mkeka, wakataja baba zao. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Hakujua kusoma zaidi ya jina lake, lakini alisema mtoto asiyejua baba zake ni kama mbuzi wa sokoni.

"Mimi ni Bol wa Nyang wa Mading wa Kuot wa Ajak," Bol akasema mbio, bila kupumua, kwa sababu alikuwa anashindana na dada yake, hata kama dada hashindani.

"Pole pole. Hao ni watu, si magari. Anyieth?"

"Anyieth wa Nyang wa Mading wa Kuot wa Ajak." Sauti yake ilikuwa ndogo. Alikuwa msichana ambaye hata akiitika darasani mwalimu aliuliza kama yupo.

"Vizuri, binti ya kaka yangu."

Nyang alikufa kabla hajapata mtoto. Habari ilipofika kambini, wazee walikaa, wakasema mtu hawezi kupotea hivyo, jina lake lizimwe kama sigara. Wakamwambia mdogo wake Lueth aingie nyumba ya kaka yake, kwa Abuk, amzalie marehemu watoto. Aliingia. Watoto walipozaliwa, wa kwanza msichana, wawili katikati wakafa na malaria, halafu Bol, wote walikuwa wa Nyang. Hakuna mtu jirani aliona ajabu, na watoto wenyewe hawakuona ajabu. Baba alikuwa Nyang, yule shujaa. Lueth alikuwa baba mdogo, yule wa kukata kuni na kupanga foleni ya rasheni. Hakuoa mke wake mwenyewe. Kwanza hakukuwa na ng'ombe wa mahari, baadaye akawa mzee.

Abuk akatoa ile barua, akampa Anyieth aisome kwa sauti. Anyieth akasoma, tarehe na yote. Wote wanne wakafurahi. Majirani waliitwa waione, na hata hao hawakuona kasoro.

*

Foleni ya Yai ilianzia mlangoni mwa ukumbi wa kanisa, ikazunguka choo. Yai mwenyewe alikaa ndani na kompyuta, amevaa suti nzito ya Juba, jasho likimtoka mpaka kwa masikio. Aliwasalimia kwa Kidinka, akauliza wanatoka kijiji gani, akasema anamjua mtu huko. Abuk akafungua leso, akafungua mfuko, akaweka barua mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Kwes," Yai akasema kwa Kiarabu cha Juba. "Hii ni nzuri sana, mama. Wengine wananiletea picha ya bunduki." Akaandika. "Majok, ndiye Nyang. Alikufa tisini na nne. Mtoto ni huyu? Umezaliwa lini?"

"Tisini na saba," Anyieth akasema, akiangalia viatu.

"Sema kwa nguvu."

"Tisini na saba."

Vidole vya Yai vikasimama juu ya kompyuta.

"Mama," akasema. "Huyu mtu alikufa tisini na nne."

"Ndiyo," Abuk akasema, na alisema kwa furaha, kwa sababu aliisafiria hiyo tarehe. "Mwezi wa tatu. Iko hapo."

Nyuma yao alikuwa mama mmoja Mkongo aliyekuja kuuza maji ya baridi kwa foleni. Akahesabu kichwani mbele ya wote. "Eh! Mufu anazaa? Mama, utupatie hiyo dawa!" Watu wachache wakacheka. Wale Wadinka waliokuwa karibu hawakucheka, walianza kuangalia juu, kwa mabati. Kila mmoja alikuwa anafikiria mtoto wake amezaliwa lini.

Abuk ndipo akaelewa. Alishika leso yake kwa mikono miwili kama imetaka kuanguka.

"Ni mtoto wa Nyang," Lueth akasema.

"Mzee, mimi najua," Yai akasema kwa sauti ya chini. "Mimi ni Mdinka kama wewe. Kwetu pia wako watoto wa hivyo. Lakini hii mashine si Mdinka. Nikiweka hizo miaka mbili pamoja, inakataa. Na huko Juba, yule anayeangalia, hata akiwa mtu wetu, anasema ni uongo."

"Basi hakuna shule," Abuk akasema.

Yai akafuta uso na leso yake. Alikuwa amechoka pia, walikuwa wengi nje. "Iko njia moja. Sheria inasema kama shujaa hakuacha mtoto, nafasi inaenda kwa mtoto wa ndugu yake. Wewe ni ndugu yake." Akamwangalia Lueth, halafu akaangalia kompyuta. "Naandika Nyang hakuacha mtoto. Naandika msichana ni wako. Mnaweka sahihi. Gari la kuwachukua linakuja kabla ya Krismasi."

Yai akawaonyesha mlango.

"Nendeni nje mwongee. Lakini nikifunga leo, nimefunga. Kesho niko Dadaab."

*

Nje, Bol alitaka maji ya yule mama Mkongo, akakatazwa, akakasirika, akaenda kupiga mawe choo.

"Usiseme hiyo kitu," Abuk akamwambia Lueth. "Afadhali akae nyumbani."

"Mama Bol."

"Ukiandika hivyo, mimi nilikuwa nani? Miaka yote hii nililala na nani?"

"Ulilala nyumbani kwa mume wako."

"Karatasi itasema nililala na wewe."

Lueth akakuna kichwa. "Na mimi itasema niliiba. Kaka yangu alikufa, nikachukua mke wake, nikachukua na mtoto wake, nikaweka jina langu. Unafikiri mimi napenda?"

"Basi tuache."

"Naweza kubaki," Anyieth akasema. Hawakumsikia, akasema tena. "Baba mdogo, naweza kubaki nyumbani."

"Umebaki mwaka mzima," Lueth akasema. "Unafua nguo ambazo hazina uchafu. Mimi sioni?"

Anyieth akageuza uso. Alikuwa anataka kwenda, alitaka sana, na aliogopa ikionekana usoni.

Lueth akainama akachora kitu kwa vumbi na kidole, akafuta. Alionekana kama mtu anayegawa nyama ya mbuzi mmoja kwa nyumba mbili.

"Sikiliza," akamwambia Abuk. "Msichana ataolewa. Ataenda nyumba ya watu wengine, watoto wake watataja baba za huko. Jina la Nyang halikai kwake. Linakaa kwa Bol. Wacha tuwape huyu mmoja."

Alisema "huyu mmoja" bila kumwangalia. Anyieth alikuwa amesimama hapo hapo, karibu mpaka kivuli chake kilikuwa kinaangukia mkono wa Lueth.

Abuk hakusema ndiyo. Alijifunga leso kichwani, akaikaza, akatangulia kuingia.

"Marehemu aliacha watoto?" Yai akauliza, kwa sababu lazima aulize.

"Hakuacha," Lueth akasema.

Wazee wawili kwenye foleni wakageuka kumwangalia. Kwa Wadinka hakuna maneno mabaya zaidi ya hayo kusema juu ya mtu.

"Na wewe, watoto wako?"

"Anyieth."

"Na huyu mdogo?" Bol alikuwa amerudi, ameshika gauni la mama yake.

"Huyu si wangu. Ni wa kaka yangu."

Yai akaweka mikono mezani. "Mzee. Umesema sasa hivi kaka yako hakuacha mtoto."

"Basi usimwandike."

"Mkija tena siku nyingine, na kitu kimekuja, pengine shule, pengine kitu kingine, yeye hatakuwa ndani. Unaelewa? Kwa familia hii atakuwa hayupo."

"Naelewa."

"Niandikeni na mimi!" Bol akasema.

"Nyamaza," Abuk akamwambia, na akamvuta kwake, akamfunika sikio na kiganja.

Lueth akaandika jina lake. Ilimchukua muda, kwa sababu alikuwa anaandika herufi moja, anaiangalia, ndipo anaenda kwa nyingine. Yai akageuza kompyuta akamwonyesha Anyieth. *Anyieth Lueth Mading*, ilisema. Anyieth alifikiri ni jina la msichana mwingine, pengine wa Kakuma Tatu.

"Bado kitu kimoja," Yai akasema. "Watakuja watu wa Juba kabla ya gari. Watamwita peke yake, wamuulize baba yako ni nani. Akisita tu, wanamtoa. Nimeona wengi wakitolewa hivyo. Mfundisheni."

*

Habari ilifika nyumbani kabla yao. Jirani Awut, ambaye kila mara alikuwa anakuja kuomba chumvi, siku hiyo hakuja. Mzee mmoja aliyekuwa anamsalimia Lueth kila jioni alipita na baiskeli akiangalia njia.

Abuk akasonga ugali. Bol alikuwa amefikiria kwa muda mrefu, na sasa alikuwa amemaliza.

"Kwa hivyo wewe si dada yangu," akamwambia Anyieth. "Wewe ni binamu. Mimi ndiye mtoto wa shujaa."

Mwiko ulimpata begani. Bol akalia zaidi ya maumivu yenyewe, Abuk akamkalisha karibu na jiko, akampulizia lile bega, akampa ukoko. Wakala. Hakuna aliyemaliza sahani yake isipokuwa Bol.

Halafu Lueth akatoa kiti chake cha kamba nje, akakiweka mahali pake. Bol akaja kwa mkeka bila kuitwa, akiwa bado na kwikwi, akaanza, "Mimi ni Bol wa Nyang wa Mading..." Aliwataja wote, na safari hii pole pole, kama watu. Lueth akamshika kichwa. "Vizuri. Nenda kwa mama yako."

Wakabaki wawili. Anyieth alikaa, akavuta gauni lake likafunika miguu.

"Baba yako ni nani?" Lueth akamuuliza.

"Nyang."

"Hapana. Tena. Baba yako ni nani?"

"Nyang wa Mading."

"Anyieth."

"Baba mdogo, haitoki."

"Itatoka. Wale watu hawatangoja. Baba yako ni nani?"

Alifungua mdomo, akafunga. Ndani ya nyumba, Abuk aliacha kuosha sufuria ili asikie, au ili asisikie, akashika maji mikononi. Lueth alikuwa ameinama mbele kwa kiti, viwiko kwa magoti, kama alivyoinama kwa lile dirisha la Lodwar. Ule mdomo wa Anyieth ulikuwa mdomo wake. Hata yale masikio. Kila mtu alikuwa ameona, miaka yote, na hakuna aliyewahi kusema.

"Baba yako ni nani?"

"Lueth," Anyieth akasema.

Alisema vizuri, kwa nguvu, sauti ambayo hakuwahi kuitoa hata darasani. Halafu akaangalia chini haraka, kama mtu aliyetukana mkubwa.

Safari hii Lueth hakusema "vizuri". Akasogeza kiti chake karibu naye.

"Tena," akasema.

"Lueth."

"Tena."